Kuwasaidia Wanafunzi Kuandika Insha Ndefu na Zenye Nguvu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafundisha Kiswahili katika sekondari mkoani Dodoma, na Jumamosi asubuhi nakaa na wanafunzi wanaotaka kujifunza kuandika. Maswali haya nimeulizwa na walimu wenzangu, na wazazi kwenye vikao vya shule, na wanafunzi wenyewe.

Mwanafunzi wangu anaandika mistari minne, anaweka kalamu chini na kusema amemaliza. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kumuuliza. Mtoto aliyeandika mistari minne mara nyingi ana mengi ya kusema, ila hakuna aliyemwonyesha kwamba hayo aliyo nayo ndiyo yanayotakiwa kwenye insha. Anadhani insha inataka maneno ya kitabuni, na yale ya kitabuni anayoyajua yanaisha upesi.

Nitoe mfano wa mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili. Mada ilikuwa zao la zabibu. Akaandika hivi:

"Zao la zabibu ni zao muhimu sana katika mkoa wetu wa Dodoma. Zabibu zina faida nyingi sana kwa wakulima. Zabibu zinawapatia wakulima pesa. Pia zabibu zina changamoto nyingi. Hivyo basi serikali iwasaidie wakulima wa zabibu."

Maneno 35, na hakuna hata moja la uongo. Lakini aya hiyo ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kuuona mzabibu. Ukitoa "zabibu" ukaweka "korosho", na "Dodoma" ukaweka "Mtwara", inabaki ileile. Nikamwita mezani.

"Kwenu mnalima zabibu?"
"Ndiyo, mwalimu. Babu ana nusu eka Mpunguzi."
"Mlivuna lini?"
"Mwezi wa nane."
"Mnunuzi alikuja siku hiyohiyo?"
Akanyamaza kidogo. "Hakuja, mwalimu. Alikuja siku ya nne."
"Sasa siku zote hizo zabibu zilikuwa wapi, mwanangu?"

Hapo ndipo alipoanza kusimulia, na mimi nikawa nasikiliza tu. Alipokwisha nikamwambia: rudi ukae, andika hayohayo uliyoniambia. Akaleta hii:

"Babu yangu ana nusu eka ya zabibu Mpunguzi. Mwezi wa nane tulianza kuvuna alfajiri kwa sababu mnunuzi alisema atafika saa nne. Hakufika siku hiyo wala kesho yake. Tuliweka ndoo chini ya mwembe tukazifunika kwa matawi, lakini siku ya tatu zabibu za chini zilikuwa zimepasuka, zinatoa maji, na nyuki wamejaa. Mnunuzi alipokuja alitaja bei yake, babu akakubali, kwa sababu zabibu ikishakatwa hairudi kwenye mti. Mahindi yakikosa mnunuzi leo yanakaa ghalani. Zabibu hazikai. Ndiyo maana mkulima asiye na mahali pa kukamua zabibu zake ziwe mchuzi, yaani maji ya zabibu ya kutengenezea mvinyo, anapangiwa bei na mwenye gari."

Urefu umekuja wenyewe. Na tazama sentensi ya mwisho: hiyo ni hoja, tena hoja nzito, imetoka kwa mtoto ambaye dakika ishirini kabla alikuwa ameandika "changamoto nyingi". Sikumfundisha hoja ile. Alikuwa nayo tangu mwezi wa nane.

Maswali ninayoyatumia ni yaleyale kila siku: Nani? Wapi hasa? Siku ile ilikuwaje? Kwa nini ilikuwa hivyo? Na ingekuwaje kama isingekuwa hivyo? Hilo la mwisho wengi hulisahau, na ndilo linalozaa hoja.

Kwani urefu ndio ubora?

Hapana. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kurudishiwa insha ikiwa na neno moja la wino mwekundu: "Panua." Nikapanua kweli. Kila sentensi nikaisema mara mbili kwa maneno tofauti mpaka ukurasa ukajaa, nikapata alama zilezile, na kwa miaka kadhaa nikaamini kwamba sina kipaji. Ndiyo maana siandiki "panua" kwenye daftari la mtoto. Naandika swali: "Nyuki walitoka wapi?" Mtoto akilijibu, insha inakua.

Tena kwenye mitihani swali la insha huja na mipaka yake, kwa mfano maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300. Kuzidisha nako ni kosa. Wazoeze kuhesabu maneno ya mistari mitatu ya mwandiko wao na kupata wastani. Anayeandika maneno 9 kwa mstari anajua kwamba mistari 30 inampa maneno 270, na hatapoteza muda kuhesabu neno mojamoja huku saa inakwenda.

Darasa langu lina wanafunzi 96. Nitasahihisha saa ngapi?

Swali hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu najua walimu wanaopenda sana kufundisha uandishi na wameacha kutoa insha kabisa kwa ajili ya idadi. Hesabu inatisha kweli: dakika 4 kwa kila insha ni dakika 384, zaidi ya saa 6, na huo ni mkondo mmoja. Bado una mingine miwili na zamu ya wiki.

Ninachofanya ni hiki. Wote wanaandika kila wiki, lakini kila wiki nakusanya madaftari 16 tu. Kwa wiki 6 nimewapitia wote 96. Hawajui ni safu ipi nitaichukua, kwa hiyo wote wanaandika kama watakaokusanywa. Na katika hayo 16 sisahihishi kila kitu. Nachagua jambo moja la wiki, nalitangaza mapema: wiki hii natazama mifano tu, wiki ijayo natazama mwanzo wa aya. Kwa jambo moja, dakika 2 zinatosha.

Wale wengine 80 wanasomeana wawiliwawili, na hapa ndipo penye faida kubwa. Mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anasikiliza bila kutazama daftari, kisha anauliza maswali mawili. Si kusifu wala kukosoa: kuuliza tu. Mwandishi anaandika majibu yake pembeni, na aya inayofuata inaanzia hapo. Mwanzoni kutakuwa na kelele na vicheko. Vumilia wiki mbili za kwanza. Mimi niliwahi kukata tamaa wiki ya kwanza nikaacha, na nilikuja kujuta nilipoona darasa la jirani limefika mbali kwa njia hiyohiyo.

Kitu kingine: kila wiki chukua aya moja nzuri na uiandike ubaoni, kwa ruhusa ya mwenyewe. Dakika kumi za kuichambua pamoja zinawafikia wote 96 kwa mkupuo.

Kwa nini kila insha inaanza na "Misitu ni…", "Rushwa ni…"?

Kwa sababu ndivyo tulivyowafundisha. Tumewaambia utangulizi uwe na fasili ya mada, nao wametii. Fasili ina mahali pake: kama insha ni ya kitaalamu, au kama neno lenyewe lina utata, msomaji anahitaji kujua unalitumia kwa maana gani. Lakini hakuna asiyejua msitu ni nini. Mwambie mwanafunzi aanze na kitu kinachoonekana: magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya barabara, au kisima ambacho mama yake alikuwa akichota na sasa hachoti. Kisha aseme insha yake itathibitisha nini.

Njia iliyonisaidia ni kuwaambia waache mistari mitano mitupu juu, waandike kiini kwanza, kisha warudi kuandika utangulizi. Ukishajua ulichosema, kukitambulisha ni rahisi.

Insha ya hoja iwe na hoja ngapi?

Kwa maneno 300, hoja tatu zilizokomaa zinazidi saba zilizotajwa tu. Kila hoja ipate aya yake: dai, sababu, mfano, na sentensi inayorudisha mfano kwenye dai. Hiyo ya mwisho ndiyo inayokosekana mara nyingi. Mwanafunzi anatoa mfano mzuri, anauacha unaning'inia.

Chukua mada ambayo hapa kwetu kila mtu ana la kusema juu yake: serikali kuhamia Dodoma. Mwanafunzi mwenye bidii anakariri miaka na kuimwaga: uamuzi ulifanyika 1973, uhamisho ulitangazwa tena 2016, Dodoma ikawa jiji 2018, treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ikaanza safari 2024. Yote ni sahihi, lakini hiyo ni orodha. Nikamuuliza mmoja: kati ya 1973 na 2016 ni miaka mingapi? Akahesabu: 43. Kwa nini ilichukua miaka 43? Hapo akaanza kufikiri juu ya fedha, maji, nyumba za watumishi, na watu ambao maisha yao yalikuwa tayari Dar es Salaam. Mwaka ukiulizwa swali unakuwa hoja.

Kisha mfundishe kumpa nafasi mpinzani wake. Watoto wetu wanaogopa kutaja upande wa pili, wanadhani watajidhoofisha. Kumbe insha inayosema "Wapo wanaolalamika kwamba kodi za vyumba zimepanda, na wana haki ya kulalamika; hata hivyo…" inaaminika zaidi kuliko ile inayojifanya hakuna anayelalamika. Wapangie mdahalo wa dakika kumi kabla ya kuandika, na kila mmoja atetee upande asioupenda.

Nyumbani wanazungumza Kigogo, au Kirangi, au Kisandawe. Si ndiyo inayoharibu insha zao?

Mwalimu mwenzangu, naomba tuliache wazo hili. Mtoto aliyekua anasikiliza wazee wakisimulia kwa Kigogo ameshajifunza mambo ambayo insha inayataka: kuanza na tukio, kumfanya msikilizaji asubiri, kutumia methali pale inapobana tu. Anachokosa ni daraja la kuyavusha kuja kwenye Kiswahili cha kuandika.

Mimi huwaruhusu kupanga mawazo kwa lugha yoyote. Mwingine anaandika neno la Kigogo katikati ya rasimu kwa sababu la Kiswahili halijaja. Sawa, aliache, aendelee, atalitafuta baadaye. Wazo likikatizwa kwa kutafuta neno moja, mara nyingi halirudi. Na maneno ya mazingira yetu yaingie insha bila aibu. Mlenda ni mlenda, uwele ni uwele. Insha ya mtoto wa Bahi isisomeke kama ya mtoto ambaye hajawahi kufika Bahi.

Kazi moja ninayoipenda sana: mtume mwanafunzi kwa bibi au babu amuulize jambo moja, kwa mfano mwaka wa njaa anaoukumbuka, na walikula nini. Akirudi aandike alichosikia. Sijawahi kupata insha fupi kwa kazi hiyo.

Na insha za Kiingereza?

Mtoto anatoka darasa la saba alikosoma karibu kila kitu kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza na karibu kila somo ni Kiingereza. Insha yake kuwa fupi si ajabu. Apange hoja kwa Kiswahili, lakini asitafsiri sentensi kwa sentensi. Aseme kila hoja kwa mdomo kwa Kiingereza chake kidogo, kisha aandike alichokisema. Sentensi fupi zilizo sahihi zitamfikisha mbali kuliko sentensi ndefu aliyoikariri bila kuielewa.

Viunganishi vinasaidia kiasi gani?

Vinasaidia vikibeba kazi yake. "Kwa hiyo" inaahidi matokeo, "hata hivyo" inaahidi kugeuka, "kwa mfano" inaahidi kitu cha kushika. Shida ni "pia" na "vilevile", ambavyo mwanafunzi anaviweka kila mwanzo wa aya kama namba. Mwambie avifute vyote, asome tena. Kama aya zinaweza kubadilishana nafasi bila msomaji kugundua, basi hakupanga, amerundika.

Nisahihishe makosa yote ya tahajia?

Si kwenye rasimu ya kwanza. Ukiijaza wino mwekundu, rasimu ya pili itakuwa fupi zaidi, kwa sababu mtoto ataandika maneno anayoyaweza tu. Hoja kwanza, tahajia baadaye.

Ila yapo makosa yanayogeuza maana, na hayo usiyaache. "Ana pesa" na "hana pesa" ni mambo mawili yanayopingana, na "h" hii inaanguka au kuongezwa sana kwenye madaftari yetu. "Mahali" na "mahari" vivyo hivyo. Nilisoma insha iliyosema wananchi walijipanga "kupiga kula". Kwa hayo ninawaambia wasome kwa sauti polepole, na kila mmoja awe na ukurasa wa nyuma wa kaunta buku wenye makosa yake mwenyewe. Huyu anaandika "kwasababu" kama neno moja, yule anasahau nukta. Kila mtu apambane na yake matano, si na ya darasa zima.

Mimi ni mzazi, niliishia darasa la saba. Nitamsaidiaje mwanangu?

Mama, baba, unaweza sana. Jioni unapochambua mboga au kupembua nafaka, mwambie akusomee alichoandika. Usiogope kutojua sarufi. Kila unapopotea sema, "Hapo sijaelewa, mwanangu, hebu nieleze." Akikueleza, mwambie aandike alivyokueleza. Umemaliza. Hata bibi asiyejua kusoma anaifanya kazi hii vizuri, labda kuliko sisi walimu, kwa sababu sisi tunajifanya tumeelewa ili tumalize madaftari.

Na mkiweza, asikose kitu cha kusoma. Gazeti la wiki iliyopita linatosha. Mkienda mjini, mpitisheni maktaba ya mkoa.

Wanafunzi wanaandikiwa insha na programu za akili mnemba kwenye simu. Tufanye nini?

Insha hizo nazitambua kwa jambo moja: zina kila kitu isipokuwa babu na ndoo. Zimenyooka, lakini hakuna mtu ndani yake. Sipendi kuanza kwa adhabu. Naandikisha rasimu ya kwanza darasani, kwa kalamu, na insha ya nyumbani lazima itokane na rasimu hiyo. Mwenye simu anaweza kuiambia programu imuulize maswali kumi kuhusu mada yake, kisha ayajibu mwenyewe kwa mkono. Kuulizwa kunamsaidia, kuandikiwa kunamnyima yale mazoezi aliyoyajia shuleni.

Hitimisho liweje?

Fupi, na lisirudie hoja zote kama orodha ya mahudhurio. "Kwa kumalizia napenda kusema kwamba" ni maneno matano yasiyosema kitu. Atueleze kinachofuata: kama hoja zake ni kweli, nani afanye nini kesho? "Serikali isaidie" haitoshi. Isaidie kwa kujenga nini, wapi?

Kwenye mtihani muda hautoshi.

Kama ana dakika 40: dakika 7 za kupanga, 28 za kuandika, 5 za kusoma tena. Wengi wanaruka zile 7 za mwanzo, na hao ndio wanaokwama katikati.

Itachukua muda gani kuona mabadiliko?

Kwa mazoezi ya kila wiki, mimi huona tofauti kabla muhula haujaisha, ingawa si kwa wote na si kwa usawa. Usitazame alama kwanza. Tazama kama mtoto anaanza kufuta. Anayefuta ameanza kujisoma. Tazama kama anamuuliza mwenzake maswali bila kutumwa. Yule wa zabibu, muhula wa pili, alinyoosha mkono dakika kumi kabla ya kengele. Nikadhani anaomba kutoka. Alikuwa anaomba karatasi nyingine.

Nianze na mada gani Jumatatu?

Usianze na "Umuhimu wa elimu". Jaribu hizi: Kitu kimoja kilichobadilika mtaani kwetu tangu nikiwa darasa la kwanza. Kazi ambayo mama anaifanya na hakuna anayeiona. Je, mifugo iruhusiwe kupita mashambani baada ya mavuno? Hii ya tatu waachie wabishane kwanza, hasa kama darasani una watoto wa wakulima na wa wafugaji, na uwe na chaki karibu, maana yatakayosemwa utataka kuyaandika ubaoni.